Chagua Ua Lenye Siku Mbele Yake

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bondeni, Nakuru



Wapendwa akina mama, akina baba na vijana wa vikundi, asanteni kwa kuja. Tunajua Jumamosi ni siku ya kufua, ya soko na ya kutembelea wagonjwa, na bado mmekubali kukaa nasi kwenye mabenchi haya. Wengine mmetembea kwa miguu kutoka hapa hapa Bondeni, wengine mmepanda matatu kutoka Njoro, Molo na Naivasha. Karibuni nyote.

Vikundi vingi hapa vimeanza kazi ya kupamba kwa maua: kanisani, kwenye arusi, kwenye mazishi. Ni kazi nzuri na haihitaji mtaji mkubwa. Lakini leo hatutazungumza juu ya kupanga maua. Kupanga mnajua, tena wengine wenu mnatushinda sisi. Tutazungumza juu ya jambo linalotangulia, ambalo wengi wetu tunaliruka, yaani kuchagua. Maua gani ununue, majani gani ukate, na yapi uyaache hata kama yanakuita kwa jina lako.

Kosa lililokuwa letu

Tuanze na kisa. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilipata kazi ya kupamba arusi. Walikuwa kumi na wawili. Walilipwa nusu ya pesa mapema, nusu nyingine walipwe baada ya sherehe. Wakaja kutuuliza: "Tununue maua ya namna gani?" Sisi tukajibu kwa haraka, kama watu wenye kujua: "Chagueni yale yaliyopendeza."

Siku ya Alhamisi mweka hazina na wenzake wawili walikwenda kununua. Walipata mawaridi makubwa yaliyofunguka kama visahani, tena kwa bei nafuu. Walipata na karnesheni nyeupe. Wakayapeleka kwenye stoo ya jamaa ya bibi arusi, mahali penye kivuli, wakayatia majini. Ndani ya stoo hiyo hiyo kulikuwa na mikungu ya ndizi iliyokuwa ikiivishwa kwa ajili ya wageni.

Jumamosi asubuhi walipofungua mlango walikuta petali za waridi zimetapakaa sakafuni. Karnesheni zilikuwa zimejikunja kama ngumi ya mtoto. Walijaribu kuziba mapengo kwa majani, lakini kila mtu aliona. Wenye arusi wakakataa kumalizia malipo, na hatuwezi kuwalaumu.

Kilichouma zaidi kilikuja baadaye. Maneno yalianza: mweka hazina amenunua maua ya juzi na tofauti ya bei ameitia mfukoni. Kikundi hakikukutana kwa wiki tatu. Wanachama wawili walijitoa. Tulipoitwa kusuluhisha, tulikagua daftari na risiti moja moja. Hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Yule mama alikuwa amefanya kama tulivyomwambia, akachagua yaliyopendeza. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotoa ushauri, na tulisimama mbele ya wote tukalikiri. Wawili wale hawajarudi mpaka leo.

Katika kikao hicho kulikuwa na mama mmoja ambaye kila mara hukaa karibu na mlango. Alikuwa mwanachama mpya na hakuwa na kawaida ya kusema. Siku hiyo alinyosha mkono. Alisema alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua Naivasha, kwenye pakihausi, akipanga mawaridi kwa madaraja, mpaka mwaka 2020 alipotumwa nyumbani. Akasema: "Mliuliza nani ana ndoo, nani ana simu, nani ana pesa. Hamkuuliza nani anajua maua."

Tulinyamaza. Mengi ya haya tutakayosema leo yametoka kwa mama huyo. Mengine tumesoma, mengine tumejaribu wenyewe na kuharibu kwanza.

Ua lililokatwa linahesabu siku

Mama huyo alituambia hivi: uzuri wa ua unaonyesha lilivyo leo, lakini wewe hununui leo. Unanunua siku ya sherehe. Kwa hiyo usiulize, "Ua hili ni zuri?" Uliza, "Ua hili limebakiza siku ngapi?"

Ua likikatwa halifi mara moja. Linaendelea kupumua, kunywa maji na kutumia chakula kidogo kilichomo katika shina na majani yake. Lakini halina mizizi tena ya kuongeza akiba. Ni kama mtu aliyesafiri na chakula cha njiani. Ua lililofunguka kabisa limekwisha kula sehemu kubwa ya chakula hicho.

Wenye mashamba makubwa wanalijua hili vizuri. Kilimo cha maua ya kuuza ng'ambo kilianza Naivasha miongo mingi iliyopita, na kampuni ya Wadenmaki ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Miaka ya mbele karnesheni zilikuwa nyingi, halafu mawaridi yakatawala. Mpaka leo waridi hukatwa likiwa tumba, huingizwa haraka kwenye chumba baridi, na husafiri kwa ndege kwenda Ulaya likiwa bado limefumba. Nao wakulima wameonja uchungu wa ua kutoweza kusubiri. Mwezi Machi 2020, masoko ya Ulaya yalipofungwa kwa sababu ya Korona, maua mengi yalitupwa kama takataka, na maelfu ya wafanyakazi, pamoja na mama yetu huyu, wakabaki bila kazi. Mahindi yangewekwa ghalani. Ua haliwekwi.

Mpaka hapo tuko pamoja? Haya, twende sokoni.

Namna ya kuchagua waridi

Kwanza tumia vidole. Shika tumba la waridi taratibu pale chini, karibu na shingo, ukalibonyeze kidogo. Likiwa gumu kiasi, kama nyanya isiyoiva sana, lina siku mbele yake. Likiwa laini kama nyanya ya kupikia, limechoka, hata kama rangi inawaka.

Pili, tazama vile vijani vidogo vya kijani vinavyolishika tumba. Vikiwa bado vimelikumbatia tumba lote na tumba ni gumu kama jiwe, lilikatwa changa mno. Huenda likainamisha shingo bila kufunguka. Vikiwa vimeanza kujikunja kuelekea chini na petali za nje zimeanza kulegea kidogo, hilo ndilo la kuchukua. Litafunguka siku moja au mbili baadaye. Kwa arusi ya Jumamosi, tumba la namna hiyo linunue Alhamisi. Ukinunua Ijumaa jioni, chukua lililofunguka zaidi kidogo, ili lisije likakutana na bibi arusi bado limelala.

Tatu, tazama shingo. Shingo iliyoinama maana yake maji hayapandi. Njia ya maji imezibwa na hewa au na uchafu.

Nne, tazama madoa. Petali moja au mbili za nje zikiwa na ukingo wa kijani au zimechubuka, usijali, unazibandua na ndani kuko safi. Lakini madoa madogo ya kahawia kama yaliyoloweshwa maji, au ukungu wa kijivu, ni ugonjwa. Huenea haraka kwenye unyevu, na ua moja linaweza kuambukiza fungu zima. Liache huko huko.

Tano, inua fungu kutoka kwenye ndoo. Mwisho wa shina uwe safi. Ukiwa na utelezi, na maji yananuka, maua hayo yamekaa siku nyingi. Pua yako isiogope kufanya kazi. Na fungua karatasi, usitazame safu ya mbele peke yake. Muuzaji mwema hatakataa.

Maua mengine

Karnesheni: chukua zilizofunguka nusu, petali zimesimama kama brashi. Zikianza kujikunja kuelekea ndani, zinalala na hazitaamka tena.

Gladiola: chukua shina ambalo maua mawili au matatu ya chini yameanza kuonyesha rangi na ya juu bado yamefumba. Yatafunguka kutoka chini kwenda juu, kila siku moja au zaidi. Ibebe na uiweke wima. Ukiilaza, ncha yake itajikunja kutafuta juu na haitanyooka tena.

Alstromeria na yungiyungi: tumba la kwanza liwe limeonyesha rangi yake kamili. Yungiyungi likifunguka, ondoa vile vifuko vya chavua kabla havijamwaga unga, maana unga huo ukishika shela ya bibi arusi au kitambaa cha altare hautoki kwa urahisi.

Krisanthemamu na jebera: hapa wenzetu wa Molo watacheka, kwa sababu wanajua tayari. Aliyewahi kuchuma pareto anajua kutazama kitovu cha ua, jinsi vile viua vidogo vya manjano vinavyofunguka duara kwa duara kutoka ukingoni kwenda katikati. Kwa jebera, chukua lenye duara mbili hivi za nje zilizofunguka. Kitovu chote kikiwa kimejaa unga, ua limezeeka. Kwa krisanthemamu tazama pia majani, maana mara nyingi majani hugeuka manjano kabla ua lenyewe halijachoka.

Arabikamu na mobidiki, ambazo wakulima wadogo wa Nyandarua na Kinangop huwauzia wanunuzi wa nje: haya ni maua ya mtu mwenye pesa kidogo. Arabikamu huweza kukaa wiki mbili au zaidi. Mobidiki, lile lenye matunda kama vibofu vya kijani, lina utomvu mweupe. Usiuguse ukajipangusa macho.

Maua meupe ya mtoni, yale yenye umbo la faneli na ulimi wa manjano katikati: chagua ambayo ulimi haujaanza kumwaga unga na ukingo haujageuka kahawia. Maji yake huwasha mdomoni, basi mtoto asitafune.

Maua ya reject

Wengi wenu mnanunua maua ya bei nafuu kando ya barabara, yale yaliyokataliwa na mashamba, ambayo sisi sote tunayaita reject. Hatuwakatazi. Ila mjue kuna kukataliwa kwa namna mbili.

Kuna ua lililokataliwa kwa umbo: shina fupi, shina lililopinda kidogo, tumba dogo kuliko kipimo cha Ulaya. Hilo ni zima. Kwa shada la mazishi au chombo kifupi cha altareni, shina fupi si hasara hata kidogo. Kuna na ua lililokataliwa kwa ugonjwa au kwa uzee. Hilo ni hasara hata ukipewa bure, kwa sababu litaambukiza mengine.

Muulize muuzaji yametoka wapi na yalikatwa lini. Akisitasita, endelea na safari yako. Maua yaliyotoka shambani kwa mlango wa nyuma yanaweza kuiletea jina baya ofisi ya kikundi, na zaidi yanaweza kumpotezea kazi mtoto wa jirani. Kumbukeni pia kwamba mashamba hupuliza dawa za wadudu. Nawa mikono, usiweke petali hizo kwenye keki au kwenye chakula, na usizitupie mbuzi wala sungura.

Majani

Majani ndiyo yanayobeba mpango wote, na mara nyingi ndiyo hayagharimu kitu. Hapo ndipo tunapolegea, tukakata chochote.

Chagua jani lililokomaa. Chipukizi laini la rangi ya kijani kibichi linavutia macho, lakini litanyauka kabla ya Misa kwisha. Likunje jani kidogo, lirudi lenyewe. Kisha shika tawi ulitikise. Majani yakidondoka, liache. Geuza upande wa chini utafute wadudu na utando wa buibui. Ukikuta safu za vidoa vya kahawia chini ya kangaga usishtuke, hizo ni spora zake, si ugonjwa.

Huku kwetu tuna saipresi, mkaratusi, asparaga ya porini yenye majani laini kama nywele, minazi ya mapambo, na mafunjo kandokando ya ziwa. Changanya aina tatu: moja ya kusimama, moja ya kujaza, moja ya kuning'inia. Inatosha.

Lakini yapo ya kuepuka. Mnyaa tunaoupanda uani una utomvu unaoweza kupofusha macho. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, mazuri sana jioni, yana sumu kali katika kila sehemu yake. Oleanda vile vile. Msiyaweke mahali penye watoto wala karibu na meza ya chakula. Gugu maji la Naivasha lina ua zuri la zambarau, lakini hunyauka upesi, na ukilibeba kwenda kwenye bwawa la kijiji umepeleka taabu kwa watu.

Na ua wa jirani si duka. Omba kwanza. Vivyo hivyo msitu wa serikali: bila ruhusa usikate mtarakwa wala podo. Kupamba nyumba ya Mungu kwa tawi la wizi ni kazi bure.

Maji, ndizi na jiko

Umechagua vizuri, sasa usiharibu nyumbani. Kama unachuma shambani kwako, chuma alfajiri kabla jua halijapanda, au jioni, na uwe na ndoo ya maji karibu. Mashina yakate upya kwa kisu kikali, kwa mshazari, kiasi cha upana wa vidole viwili. Ondoa majani yote yatakayokuwa ndani ya maji. Yaache yanywe usiku kucha kabla ya kupangwa. Ndoo iwe safi kama ndoo ya maziwa. Katika lita moja ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya dawa ya kufanya nguo kuwa nyeupe. Sukari ni chakula, dawa huzuia utelezi. Sukari bila dawa huongeza utelezi.

Maji yenyewe nayo ni ya kuchagua. Visima virefu vingi vya Nakuru na Naivasha vina floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Jimbo letu limefanya kazi miaka mingi kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Gladiola na jebera pia huumizwa na floridi, petali zikaungua kingo. Kwa maua hayo tumia maji ya mvua.

Na sasa turudi kwenye zile ndizi. Tunda linaloiva hutoa hewa isiyoonekana iitwayo ethilini. Ndiyo inayoivisha matunda mengine, na ndiyo inayozeesha maua. Parachichi na embe hutoa pia, na moshi wa jiko unayo. Mwaka 1908 huko Chicago, Marekani, wataalamu Crocker na Knight walionyesha kwamba hewa hiyo, iliyokuwamo katika gesi ya taa za zamani, ndiyo iliyofanya karnesheni kujifunga na kulala. Ndiyo sababu karnesheni za mama zetu zilikunja ngumi. Mweka hazina hakuwa na hatia. Ndizi ndizo zilizokuwa na kesi.

Basi kama unaishi chumba kimoja chenye mabati, weka maua sakafuni kwenye saruji, kona ya mbali na jiko na mbali na kikapu cha matunda. Mchana funika dirisha linalopigwa na jua. Usiku fungua upate ubaridi.

Hesabu ya mweka hazina

Tuchukue mfano. Fungu la kwanza lina mawaridi 20 yaliyofunguka, bei shilingi 100. Siku ya sherehe 12 yamekufa, yamebaki 8. Kila ua lililo hai limekugharimu shilingi 12 na nusu. Fungu la pili lina matumba 20, bei shilingi 160. Yamekufa 2, yamebaki 18. Kila moja limekugharimu karibu shilingi 9. Lipi lilikuwa rahisi?

Kwa hiyo katika daftari ongezeni safu moja: maua yaliyonunuliwa, maua yaliyokuwa hai siku ya kazi. Baada ya kazi tano au sita mtajua muuzaji gani ni wa kuaminiwa. Tena mweka hazina atakuwa na ushahidi, hatasingiziwa kwa maneno ya njiani.

Kila shughuli na maua yake

Kanisani, fuateni majira. Mwongozo wa Misale ya Kirumi unasema maua yawe kando ya altare badala ya kurundikwa juu yake. Majilio yawe ya kiasi. Kwaresima hakuna maua altareni, isipokuwa Jumapili ya Nne, sherehe kubwa na sikukuu. Kikundi kinachojua hivi hakitanunua maua kwa Kwaresima nzima kikapata hasara. Kitapanda gladiola na arabikamu mapema, ziwe tayari kwa Pasaka.

Kwa mazishi, fikirini safari. Mwili huenda ukatoka mochari ya Nakuru alfajiri, ukafika nyumbani adhuhuri, na Misa ikafanyika nje juani. Waridi lililofunguka haliwezi safari hiyo. Chagueni krisanthemamu, karnesheni, arabikamu na saipresi. Jamaa ya marehemu wanaweza kuwa wamechangiwa na majirani shilingi hamsini hamsini. Wakiona maua yamenyauka juu ya jeneza, watadhani mpendwa wao amedharauliwa. Hapo ndipo tunapoona kwamba kuchagua vizuri si mambo ya matajiri. Fungu moja lililo zima, hata kama ni dogo, ni heshima kuliko mafungu matano yanayoinamisha shingo.

Tunamalizia

Wapendwa, yule mama aliyekaa mlangoni sasa ndiye anayekwenda sokoni na mweka hazina. Hawaendi peke yao tena, huenda watu wawili wenye ujuzi na wa tatu wa kujifunza. Kikundi hakijatajirika. Lakini wanakutana kila wiki, na mwaka uliopita wenye kazi wote waliwamalizia malipo yao.

Sisi tumejifunza kupunguza haraka ya kujibu. Na kabla ya kutoa semina tunauliza kwanza: katika chumba hiki, nani anajua tayari? Fanyeni hivyo nanyi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Nani kati yetu aliwahi kufanya kazi shambani au pakihausi ya maua? Tumewahi kumwuliza anachojua?
2. Maua tuliyonunua mara ya mwisho, ni mangapi yalikuwa hai siku ya kazi?
3. Tunaweka maua wapi usiku, na kuna nini karibu yake?
4. Ni majani gani tunayoweza kupanda wenyewe, tuache kukata kwenye ua za watu?
5. Jambo likiharibika, je, tunakagua daftari kwanza au tunamtafuta mtu wa kulaumu?

Tuonane mwezi ujao, na kila kikundi kilete fungu moja la maua, tulikague pamoja.